Umeshuka Rungwe, ndege haijafika: namna ya kuimudu siku ya Songwe

Wageni ninaowapandisha Rungwe na kilele cha Mbeya huniuliza kuhusu mvua, viatu na baridi ya usiku. Kuhusu ndege ya kurudi Dar hawaulizi, ilhali hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Mlima unaujua uko wapi. Ndege hujui, mpaka uulize. Mwongozo huu ni kwa anayeshuka mlima huku Mbeya na kuondokea uwanja wa Songwe, hasa kama Dar kuna ndege nyingine inamsubiri.

Hatua ya 1: Usishuke mlima na kuruka siku hiyohiyo

Rungwe ina mita kama 2,960, na upande ule wa Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Njia ikilowa, kushuka huchukua muda kuliko kupanda, maana magoti yanagoma na udongo unateleza. Ukifika barabarani Isongole bado una safari: Uyole, katikati ya jiji, Mbalizi, halafu Songwe, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Kuanzia Uyole ni barabara kuu ya kwenda Tunduma, na lori moja likikwama mlimani foleni haina mwenyewe.

Lala usiku mmoja chini. Kama ndege ni ya asubuhi, ningelala Mbalizi badala ya mjini. Gesti za Mbalizi si za kifahari, lakini asubuhi foleni ya jiji unakuwa umeshaiacha nyuma.

Hatua ya 2: Chagua saa ya ndege kwa kuangalia ukungu

Kwenye miezi ya mvua, na hata siku za baridi, Songwe huamka na ukungu. Usiku mbingu ikiwa safi baada ya mvua, ardhi hupoa haraka, na hewa yenye unyevu iliyo karibu na ardhi hupoa nayo na kugeuka ukungu. Jua likipanda na ardhi ikapata joto, unayeyuka. Rubani akishuka hadi kimo alichopangiwa bila kuiona njia ya kutua, sheria inamtaka apande tena juu. Atazunguka kidogo akisubiri, na mafuta yakibana atageuza kurudi.

Kwa hiyo ndege ya alfajiri ndiyo inayoumia zaidi. Ya jioni nayo ina kasoro yake: ikifutwa, siku imekwisha na huna pa kukimbilia. Ukipata ya saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, chukua hiyo hata kama nauli imezidi kidogo. Na soma tiketi vizuri, saa zake ni za kizungu: 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kuna watu hufika wakati mlango umeshafungwa, kisha wanailaumu ndege.

Hatua ya 3: Panga begi kama mtu atakayelala njiani

Begi kubwa likishapita kaunta, usitegemee kuliona tena mpaka Dar. Kwenye begi dogo la mgongoni weka sweta, soksi kavu, mswaki, dawa zako, chaja na pawabenki. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa kupakiwa chini, kwa sababu betri zake zinaweza kushika moto, na kule chini hakuna wa kuuona moto huo. Kisu cha kambini ni kinyume chake, hicho kiende kwenye begi kubwa. Mtungi wa gesi ya kupikia usiende kokote. Mwachie mpagazi au mwenye gesti.

Nguo zilizolowa zifunge kwenye mfuko wa nailoni, lakini kwanza zikamue na uzianike usiku kucha. Maji ni uzito, na mizani ya kaunta haijui kwamba ulinyeshewa. Halafu kuna mchele wa Kyela. Kila mgeni hununua, mfuko wa kilo tano unageuka kumi, na kaunta panakuwa sokoni: begi linafunguliwa mbele za watu, viatu vya mlimani vinatolewa na kuvaliwa na matope yake, mchele unahamishiwa kwenye mkoba wa mke. Pima mzigo gestini.

Hatua ya 4: Uliza swali moja tu: ndege iko wapi sasa hivi?

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Ukiuliza "tutaondoka saa ngapi?", mhudumu atakupa saa aliyopewa, na saa hiyo itabadilika. Msalimie kwanza. "Habari za kazi, dada. Ndege yetu iko wapi sasa hivi?" Akiwa amekuzidi umri, shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu kitu. Baada ya hapo, piga hesabu mwenyewe.

Kama bado iko Dar: ya jeti inahitaji saa moja na ushee angani, ya mapangaboi inakaribia mbili. Ongeza nusu saa au zaidi ya kushusha na kupakia. Chini ya hapo hakuna muujiza.

Kama imeenda mji mwingine kwanza, tatizo si ukungu wa Songwe. Ndege moja hupangiwa miji kadhaa kwa siku, na dakika arobaini zilizopotea asubuhi huwa saa mbili ikifika zamu yako.

Kama iko angani inazunguka, kaa karibu na usizime simu. Ukungu ukifunguka itatua, na upakiaji utakuwa wa haraka.

Kama imegeuza kurudi Dar, ongeza swali: "Rubani na wahudumu watakuwa bado wana saa za kazi?" Kisheria saa zao zina kikomo. Zikiisha, hata mbingu ikiwa safi, lazima apatikane rubani mwingine. Hapo anza hatua ya 5.

Hatua ya 5: Amua mapema kati ya kusubiri na basi

Mbeya hadi Dar ni kilomita mia nane na kitu. Basi linapita Makambako, Iringa, mlima Kitonga na Mikumi, na ni safari ya saa kumi na mbili au zaidi. Kama una ndege ya kimataifa kesho jioni, na mpaka saa nane mchana ndege yako ya leo haijaondoka Dar, mimi ningekata tiketi ya basi la usiku. Kama huna cha kuwahi, subiri. Basi siku mbili baada ya kushuka Rungwe ni adhabu kwa magoti.

Usiondoke uwanjani kimyakimya. Mashirika mengi humhesabu asiyetokea kuwa ameacha safari, na kipande cha tiketi kilichobaki kinaweza kufutwa. Omba waandike kwenye tiketi yako kwamba umebadilisha kwa sababu ya kuchelewa, na uulizie kurudishiwa nauli. Wenye bima ya safari waombe karatasi au ujumbe unaotaja sababu na saa, na watunze risiti za chakula na malazi. Bima nyingi hazilipi maneno matupu.

Hatua ya 6: Tunza miguu unaposubiri

Misuli iliyoshuka mlima ikikaa kwenye kiti saa nne, hukaza. Vua viatu, inuka kila baada ya muda, tembea, kunywa maji. Kula kabla njaa haijauma: kwenye mkoba weka ndizi za kuchoma na parachichi, kisu kisiwepo, parachichi lililoiva hupasuliwa kwa kidole.

Hatua ya 7: Ukitua Dar

Safari nyingi za ndani hutua jengo la pili, na za kimataifa huondokea jengo la tatu, lililofunguliwa 2019. Ni majengo mawili tofauti, kwa hiyo usipange kuunganisha kwa dakika hamsini. Kama tiketi ni moja hadi mwisho wa safari, kukupangia ndege nyingine ni kazi ya shirika. Nenda kaunta yao kabla ya kutafuta teksi. Kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali, shirika la pili halina deni nawe. Lipigie simu ukiwa bado Songwe, kabla ndege yao haijafunga milango, maana kubadilisha tarehe kabla ya muda huwa nafuu kuliko kununua upya.