Kutazama Kikao cha Bodi ya Shule Ukiwa Mbali Hakukupi Nafasi ya Kuzungumza

Ikiwa watoto wako wanasoma shule ya umma California nawe umesafiri kuja nyumbani Kenya, soma ajenda ya kikao cha bodi ya shule mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuamini kwamba utazungumza kwa simu. Mimi sikusoma. Nilikuwa Kisumu kwa matanga ya shangazi, na kikao cha saa kumi na mbili jioni ya Jumanne kilinikuta saa kumi alfajiri ya Jumatano jikoni kwa mama, simu nimeiegemeza kwenye birika la chai, nikisubiri kuitwa nitetee basi la shule la mtaani kwetu. Niliwaona wajumbe wote na kusikia kila neno, nikaandika maoni yangu mara nne kwenye kisanduku cha ujumbe, na hakuna aliyeyasoma. Kura ikapigwa, basi likaondolewa.

Kiungo kile kilikuwa cha kutazama tu. Ajenda ilieleza kwamba wasemaji wawe ukumbini, na asiyeweza kufika atume barua kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Narudia: kuona picha ya ukumbi kwenye simu hakumaanishi kwamba ukumbi unakusikia.

Sheria ya Brown ya mwaka 1953, sheria ya California kuhusu vikao vya wazi vya bodi za umma, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na ya kikao maalumu saa 24, na inampa mwananchi haki ya kusema kuhusu jambo lililo kwenye ajenda kabla halijaamuliwa. Kosa langu la pili lilikuwa kusoma vifungu vya kuhudhuria kutoka mbali nikidhani vinanihusu, kumbe vingi vinawahusu wajumbe wenyewe. Wakati wa korona bodi nyingi zilipokea sauti zetu kwa simu, tukazoea; msitegemee mazoea hayo, someni ajenda ya kikao husika.

Kaka yangu alinishauri nimpigie mwenyekiti tuyamalize. Kaka, nakuheshimu, lakini hiyo si BOM (bodi ya usimamizi wa shule) ya hapa, ambapo unamkuta mwalimu mkuu ofisini na mambo yakanyooka. Kule wajumbe wanaozidi nusu ya bodi hawaruhusiwi kujadili na kuafikiana mambo ya bodi nje ya kikao. Karani aliniomba radhi kwa upole, kisha akanisomea sentensi ileile ya ajenda. Iliniuma, ingawa naona haki ndani yake, kwa kuwa fundi bomba na daktari hupewa dakika zilezile, mara nyingi tatu, jambo ambalo mikutano yetu ya wazazi, yenye hotuba ndefu za wageni wa heshima, haijalifikia. Anayezungumza kupitia mkalimani hupewa angalau muda maradufu, isipokuwa penye vifaa vya kutafsiri papo hapo, kwa hiyo mama mkwe asiyejua Kiingereza asinyamazishwe.

Siku hizi nikisafiri hutuma barua mapema, na jirani huenda ukumbini kusema. Angalieni saa: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi ya pili ya Machi Kenya iko mbele ya California kwa saa 11 badala ya 10, hivyo saa sita mchana ya kule, mwisho wa kupokea barua, ni saa tano usiku Kisumu.