Mwagia unga maji yanayochemka, mkate wa Kijapani ubaki laini

Kwa mnaooka mikate laini ya Kijapani hapa Mbeya, au zile skonsi za anpan (za Kijapani, zinazojazwa maharage matamu yaliyopondwa; mimi najaza ya hapa hapa, yanakubali sukari vizuri sana): kwenye kila kilo 1 ya unga, toa gramu 200, mwagia maji yanayochemka gramu 200, songa hadi iwe kama ugali, funika, uache ulale. Asubuhi changanya na unga uliobaki, ukipunguza maji hayo kwenye kipimo chako. Wanga ulioiva hushika maji mengi, ndiyo maana mkate haukauki kesho yake. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Zinatosha, ila bakuli la chuma kwenye baridi ya Julai huyapoza papo hapo, lipashe kwanza. Ukizidisha unga wa kuivisha, mkate hauumuki vizuri. Ukiuchanganya ungali wa moto, unaua hamira.