Jeni imepanda kweli au inakuzuga? Kupima seli zilizoambukizwa virusi vya herpes

Tuongelee HSV-1 (aina ya kwanza ya virusi vya herpes) maana ndo imechunguzwa sana. Ukiambukiza seli za binadamu ukapima RNA (nakala ambazo seli inazitoa kwenye jeni) utaona jeni kibao zimepanda, yaani nakala zake zimeongezeka, usishangilie kwanza, nyingi zinakuzuga tu.

Anza na maambukizi yenyewe. Weka virusi vya kutosha, kama 10 kwa kila seli, manake ukiweka wastani wa 1 karibu 37% ya seli hazipati hata kirusi kimoja, hapo unapima wagonjwa na wazima kwa pamoja. Chukua sampuli baada ya masaa 2, 4 na 8, na pembeni uwe na seli ulizozifanyia kila kitu isipokuwa kuzipa virusi.

Hesabu seli, zipasue, halafu tia RNA ya kigeni ambayo kiasi chake unakijua. Wengi wanaruka hapa baadae wanalia. HSV-1 inaingia na protini inaitwa vhs, kazi yake kukatakata mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), na inaanza mapema kabisa kwa sababu imekuja imebebwa ndani ya kirusi, haisubiri kutengenezwa. Sasa fikiria seli ilikuwa na mRNA 100 zikabaki 20 (za virusi tuziache, hesabu iwe nyepesi). Jeni iliyokuwa na 10 na bado inazo 10 itaonekana imetoka 10% hadi 50%, mara tano nzima, kumbe haijafanya chochote, wenzake ndo wamekatwa. Ile RNA ya kigeni ndo inaiumbua.

Ukisoma data, linganisha vipande vya RNA na jenomu (DNA yote) ya binadamu na ya virusi kwa pamoja, ya virusi ni ndogo tu, herufi kama 152,000.

Sasa kuna mtego mkubwa zaidi, ulionyeshwa mwaka 2015. Kwa kawaida RNA polimerasi II (kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA) ikimaliza jeni inaachia DNA. Ndani ya seli yenye HSV-1 inapitiliza kama lori lililokatika breki, makumi ya maelfu ya herufi, mpaka inaingia kwenye jeni ya jirani, na protini ya virusi ICP27 ni mmoja wa wahusika. Jirani anaonekana amewaka wakati RNA hiyo nyingi imekwama kwenye kiini na haitoi protini yoyote.

Kwa hiyo fungua IGV (programu inayoonyesha vipande vya RNA vimeangukia wapi kwenye jenomu), usikodolee jeni yenyewe, angalia eneo la kabla ya mwanzo wake, kwenye uzi uleule wa DNA. Kama vipande vinatiririka toka jeni iliyotangulia bila pengo, ifute kwenye listi. Kama huko nyuma ni patupu halafu vinaanza ghafla pale jeni inapoanzia, ibakishe. Cheki pia kama ekzoni (sehemu ya jeni inayobaki kwenye mRNA) ya jeni moja imeungwa na ya jirani, hiyo haina ubishi, ni kupitiliza.

Zilizobaki rudia na virusi ambavyo vhs yake imeharibiwa makusudi, halafu pima na protini zake.