Jinsi ya kusoma utafiti wa unene wewe mwenyewe: tulivyousoma ule wa Wahadzabe

Mwezi uliopita mama mkubwa alinitumia klipu ya WhatsApp. Kijana mmoja anaeleza kwa furaha kwamba wanasayansi wamewapima Wahadzabe, jamii ya kaskazini mwa Tanzania inayoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wakakuta kwamba pamoja na kutembea porini kutwa, hawachomi kalori kumzidi mtu wa Ulaya au Marekani anayeshinda ofisini. Akamalizia: basi mazoezi hayapunguzi uzito. Mama mkubwa ana kisukari. Alikuwa ametembea kila alfajiri kwa miezi minne, lakini baada ya klipu ile raba zake zikakaa uvunguni wiki tatu. "Mwanangu, kumbe nilikuwa najichosha bure," akaniambia.

Mimi ni afisa lishe, na klipu za namna hii zinaniuma, kwa sababu utafiti wenyewe upo kweli na ni mzuri. Tuliusoma pamoja, mimi namtafsiria, meza moja na chupa ya chai katikati. Hatua ni hizi.

Hatua ya 1: Utafute utafiti wenyewe

Ingia PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za kitabibu, andika maneno mawili matatu ya Kiingereza au jina la mtafiti. Huu ni wa Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla. Ulitoka mwaka 2012 katika jarida la PLoS ONE, ambalo husomwa bure. Uchapishe. Kwenye simu utasoma aya ya kwanza tu, ujumbe uingie, uache hapo. Karatasi unaipigia mistari.

Hatua ya 2: Ruka muhtasari, nenda kwenye majedwali

Andika pembeni: ni nani, ni wangapi. Hapa ni Wahadzabe watu wazima 30, wanaume 13 na wanawake 17, wa upande wa Ziwa Eyasi, waliolinganishwa na watu wa nchi za Magharibi. Thelathini ni wachache, lakini kwa kipimo ghali kama kilichotumika si haba. Songa mbele.

Hatua ya 3: Kimepimwa nini, na kimegawanywa kwa nini?

Hapa usiwe na haraka.

Anza na kipimo. Tafiti nyingi za lishe humuuliza mtu amekula nini, na watu hatukumbuki. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu wanene waliolalamika kwamba wanakula kidogo ila hawapungui. Walichotaja kilikuwa pungufu kwa wastani wa 47% ya walichokula kweli. Sisemi walidanganya. Nani anahesabu mafuta yaliyoingia kwenye mchicha, au karanga za kuonja wakati wa kukaanga? Kwa hiyo ukikuta utafiti mzima umesimama juu ya dodoso la chakula, weka alama ya kuuliza pembeni.

Pontzer na wenzake hawakutegemea kumbukumbu. Waliwanywesha watu maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha wakachukua mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hutoka mwilini kama maji tu, ilhali oksijeni hutoka kama maji na pia kama hewa ya ukaa tunayoipumua. Ukitoa hii kwa ile unapata hewa ya ukaa iliyotengenezwa, na kutokana nayo, kalori zilizochomwa. Mtu anaendelea na maisha yake, hahojiwi kitu. Kwa kazi hii sijui kipimo ninachokiamini kuliko hicho.

Sasa mgawanyo. Mwanamume wa Kihadzabe alikuwa na wastani wa kilo 51 hivi, akichoma kalori 2,649 kwa siku. Wa Magharibi, kilo 81 na kalori 3,053. Jedwali hilo moja linatoa majibu matatu:

Ukichukua namba kama zilivyo, Mhadzabe anachoma kidogo.

Ukigawanya kwa kilo, Mhadzabe anachoma kalori 52 kwa kilo na mwenzake 38. Anamzidi kwa zaidi ya theluthi.

Ukilinganisha miili ya ukubwa mmoja kwa njia sahihi, wanalingana.

Miaka michache iliyopita nililichukua jibu la pili nikawafundisha wauguzi. Mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hesabu hiyo, mtoto mchanga anafanya mazoezi kutuzidi sisi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli mtoto mchanga huchoma kalori nyingi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Nilirudi nyumbani na karatasi ya grafu, Jumamosi na Jumapili zote zikaishia hapo. Kalori hazipandi sawia na kilo. Mwili mdogo huchoma nyingi kwa kilo hata ukiwa umelala, na mafuta ya mwilini huchoma kidogo kuliko misuli na viungo vya ndani. Ukimgawanyia kwa kilo zote mtu mwenye mafuta mengi, umemshusha kabla hujaanza kulinganisha.

Njia sahihi ni kuchora: chini uzito wa mwili bila mafuta, pembeni kalori, kila mtu nukta yake. Kisha tazama kama nukta za Wahadzabe zimekaa juu ya zile za wenzao wenye mwili kama wao. Hazikukaa juu, zimechanganyika nazo.

Kwa hiyo katika kila utafiti tafuta sehemu ya mbinu na usome walivyosawazisha, yaani walivyoondoa tofauti kama hii ya ukubwa wa mwili kabla ya kulinganisha. Usiridhike kuona tu kwamba wamesawazisha, kwani kuna kusawazisha kupita kiasi pia. Mtu akichunguza unene na vifo, kisha akasawazisha shinikizo la damu na kisukari, amefuta njia ambazo unene hupitia kuua. Unene utaonekana hauna neno.

Hatua ya 4: Tenga kilichopimwa na kilichosemwa

Walipima kalori za watu katika maisha yao ya kawaida. Hakuna mnene aliyepangiwa kutembea akapimwa kabla na baada. Hoja yao ilihusu jamii: kwamba unene wa Magharibi huenda unatokana zaidi na kula kuliko kukaa. Faida ya mama mkubwa kutembea alfajiri ni swali lingine, na sukari yake ni lingine tena, maana misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata mizani isiposogea.

Ukitaka kujua kitu kinasababisha kingine, tafuta majaribio ambamo watu wamepangwa kwa bahati nasibu. La mtafiti wa Marekani Kevin Hall, la mwaka 2019, ni zuri la kujifunzia: watu 20 waliolazwa kituoni, wiki mbili chakula cha viwandani, wiki mbili chakula cha kawaida, kila mtu akila atakavyo. Kwa cha viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Hatua ya 5: Nani kalipa

Hupatikana mwishoni. Mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka zikionyesha chama cha wafanyabiashara wa sukari Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard kwa makala ya 1967 iliyopunguzia sukari lawama na kuyaelekezea mafuta.

Hatua ya 6: Andika sentensi moja kwa mkono wako

Mama mkubwa aliandika: "Wahadzabe 30 walichoma kalori sawa na watu wenye mwili kama wao, hakuna aliyejaribu kupungua." Kisha akauliza, kama ni kula, yeye anakosea wapi? Nikamwomba amimine mafuta ya mboga kama kawaida yake, ila ayapitishe kwenye kijiko cha chakula. Vijiko sita, kila kimoja kalori kama 120. Alivitazama vile vijiko, akainuka kwenda kuzitoa raba uvunguni, na sasa kijiko kinakaa juu ya kifuniko cha dumu la mafuta.