Kumtega mbweha wa aktiki kwa fremu ya mawe, Svalbard

Msimu wa kutega huko Svalbard, visiwa vya Norwei kule Aktiki, huanza Novemba 1 na kwisha Machi 15, na hategi mtu bila kibali cha gavana. Hata hivyo, usikimbilie siku ya kwanza. Ngozi isiyokomaa ina rangi ya bluu iliyoiva upande wa ndani, na manyoya yake ni mafupi.

Mtego wenyewe ni fremu ya fito iliyobebeshwa mawe bapa na kuinuliwa upande mmoja kwa vijiti vitatu. Kimoja husimama, cha pili hukaa juu yake na kubeba ukingo wa fremu, cha tatu hulala na kuwashika wenzake kwa mikato iliyochongwa. Ncha ya hicho cha tatu, kule ndani kabisa, ndiyo yenye chambo. Wategaji wengi hutumia kichwa cha kwale wa theluji. Kifunge kwa waya, maana kikichomoka kirahisi mbweha ataondoka nacho na mtego usianguke.

Usibanie mawe. Fremu nyepesi haiui papo hapo: inatesa mnyama, naye akihangaika manyoya yanaharibika.

Weka mtego kwenye mwinuko unaopigwa na upepo, theluji isijikusanye chini yake ikaizuia fremu. Kijiti kinachosimama kikae juu ya jiwe bapa, kisigande ardhini. Adui mkubwa ni unyevu: mikato ikishikwa na barafu, chambo kinaliwa na fremu inabaki juu. Kila baada ya dhoruba, kagua. Msimu ukifungwa, angusha fremu zote.

Vaa glavu unapochuna, kwa sababu mbweha wa huko wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa na minyoo tegu hatari. Pasua kutoka kisigino hadi kisigino ukipitia chini ya mkia, toa mfupa wa mkia, kisha vua ngozi nzima kuelekea kichwani. Masikioni na machoni nenda taratibu. Kwangua mafuta yote. Yakibaki, manyoya meupe hugeuka manjano.

Ivalishe ngozi kwenye ubao, manyoya yakiwa ndani. Ikianza kukauka lakini bado inakunjika, igeuze manyoya yatoke nje. Ukichelewa itapasuka. Iweke mbali na jiko, kwani joto kali huipika ngozi na nywele zikang'oka.

Mzoga peleka kwa ofisi ya gavana. Watafiti huusoma umri na vimelea vyake.