Kabla mji haujafungwa tena: yapange haya na mzee wako

Aprili 2020 Nairobi ilifungwa kwa sababu ya korona, hutoki huingii, mpaka Julai. Mwenye mzazi Nyeri au Kitui alibaki huku na mzazi kule. Mipango ifanywe sasa, wakati magari yanatembea.

Dawa za presha na sukari ziwe na akiba ya mwezi, majina yake yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kabatini. Kitambulisho na kadi ya kliniki vikae mfuko mmoja. Kafyu ilianza saa moja jioni, kwa hiyo jueni mapema ni gari la nani litampeleka hospitali usiku. Barakoa, sabuni, maji kwenye mtungi: hayo mnayajua. Simu asibadilishiwe, kama amezoea kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mwacheni nayo.

Sasa upweke, na hapa msikilize vizuri. Kwenye ploti yetu Umoja kuna shosho ambaye wanawe hawakumwacha na njaa hata siku moja. Kila wiki boda ilileta unga, mafuta na sukari, na pesa ziliingia kwa M-Pesa. Wakamwambia asimfungulie mtu mlango. Kabla ya hapo Jumapili yake ilikuwa kanisa, halafu chama: akina mama wanachanga, wanakunywa chai, wanapiga gumzo mpaka jioni. Vyote vikakatika. Makanisa yalipofunguliwa Julai, waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani, naye ameshapita 70. Mjukuu alipokuja kumwona alikuta pakiti za unga zimepangwa chini ya meza, hazijafunguliwa, za chini zimeingia wadudu. Shosho alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na mkate. Alipoulizwa, alijibu, "Nimpikie nani?"

Tukamtolea stuli koridoni, jirani mmoja akakaa mita moja na nusu kutoka kwake, barakoa usoni, hewa ikipita. Njegere za majirani akawa anachambua yeye. Wiki haikuisha akaanza kupika, maana sasa alikuwa na wa kumsimulia alichopika.

Kwa hiyo kabla ya lolote, kaeni naye mpange ni nani atampigia simu kila siku, saa ileile, na awe na la kusema zaidi ya "umekula?" Mpeni kazi ya kweli. Kama ana chama, yeye ndiye awe wa kuwapigia wenzake na kujua nani anaumwa. Nyinyi mtume kredo. Namba ziandikwe kwa tarakimu kubwa, kwenye daftari.

Kama anapokea pesa za Inua Jamii, zile serikali inazowapa wazee, jueni nani ataandamana naye kuzichukua. Namba ya siri asimpe mtu. Anayebisha hodi akidai ametumwa kupima wazee asifunguliwe kabla mzee hajawapigia simu nyinyi. Tokeni za stima ziwepo, redio iwe na betri, na ufunguo wa akiba ukae kwa jirani, jirani aliyechaguliwa na mzee mwenyewe.