Karma mbaya huanzia wapi: jipime kabla ya kushona gunia

Karma ni neno la Kisanskriti, maana yake tendo. Kwa Wabudha, uzito wa tendo uko kwenye nia. Kwa hiyo ukitafuta chanzo cha karma mbaya, usianze na mkosi uliokupata, anza na ulichokusudia. Mizizi ni mitatu: tamaa, chuki, na upofu wa kutoona mambo yalivyo.

Chukua msimu wa korosho. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa vipimo visivyo rasmi nje ya ushirika, anamkuta mama mmoja Newala ana mtoto mgonjwa, anampimia kwa bakuli lenye kilo na robo, analihesabu kilo moja. Ajiulize: Mali ni ya mwingine? Najua ni yake? Nimekusudia kuichukua? Nimefanya hila? Imeshahamia kwangu? Vikitimia vyote vitano, karma ya wizi imekamilika, hata kama mama ameshukuru, na uongo umeongezeka juu yake. Mizani ikiharibika bila wewe kujua, nia haipo. Ukishajua ukanyamaza, ipo.

Hapa ndipo wengi wanapopotoka: maua ya mikorosho ya jirani yakinyauka, wanasema "karma yake hiyo." Ubwiriunga, ugonjwa unaonyausha maua hayo, ni kuvu, na dawa yake ni salfa ya unga, ipulizwe alfajiri umande ungali kwenye majani. Buddha mwenyewe alikataa kwamba kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Alitaja pia nyongo, makohozi na mabadiliko ya majira. Kumsimanga aliyepatwa ni maneno makali, na maneno makali yamo katika matendo kumi mabaya: matatu ya mwili, manne ya kinywa, matatu ya moyo.

Ukishakosa, nenda kwa uliyemdhulumu, usiishie kukiri kwa rafiki. Piga hesabu: mabakuli 40 yenye robo kilo ya ziada ni kilo 10. Mlipe zote, kisha liache bakuli kabisa. Majuto peke yake hayatoshi. Buddha alitoa mfano wa donge la chumvi: ndani ya kikombe maji hayanyweki, ndani ya mto Ganges ladha haibadiliki. Chumvi ni ileile, kilichoongezeka ni maji. Basi ukimaliza kulipa, ongeza wema palepale ulipoharibu: mfuate yule mama siku ya kupima AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mwoneshe namna ya kusoma mizani, asiondoke kabla hajahakikisha kilo zake zimeandikwa sawasawa.